Utelezi Kazini Msimu wa Mvua: Somo kwa Wakazi wa Kata ya Lalago

Mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha Lalago, ardhi hubadilika kwa saa chache tu. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu na wenye nyufa pana, hulainika na kuwa tope zito linalong'ang'ania nyayo. Mwenye kutembea hatua ishirini huwa amebeba chini ya kila kiatu donge la udongo, na donge hilo likishalowa juu yake huwa laini kama sabuni. Kuanzia hapo hadi masika yanapokwisha mwezi Mei, kila mwenye kwenda kazini katika kata hii hutembea juu ya utelezi, iwe anaelekea shambani, sokoni, shuleni, zahanati au ghala la pamba.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama Kanada na Uingereza, waajiri huweka utaratibu maalumu wa kuzuia wafanyakazi kuanguka barafu inapoganda njiani. Chumvi na mchanga humwagwa vijiani, na wafanyakazi hufundishwa namna ya kukanyaga. Lalago haina theluji, lakini ina miezi mingi ya tope, na tope hilo huvunja mifupa sawasawa na barafu. Tofauti iliyopo ni kwamba huku kuanguka huhesabiwa kuwa jambo la kuchekesha. Aliyeteleza husimama haraka, hujipangusa, huchekwa na wenzake, naye hucheka pamoja nao, kisha maumivu huyapeleka nyumbani kimya kimya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika ajali zote zisizokusudiwa, kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo baada ya ajali za barabarani. Wengi miongoni mwa waliokufa hawakuanguka kutoka mahali pa juu sana.

Udongo unavyofanya kazi

Wakulima wa Usukuma wanazijua ardhi zao kwa majina. Luseni ni mchanga, hunywa maji upesi, na mtu hutembea juu yake dakika chache baada ya mvua bila shida. Itogolo na ibambasi zina tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, hivyo maji husimama juu na uso wa ardhi huwa na utando mwembamba wa tope juu ya kitu kigumu. Mahali pa namna hiyo hudanganya macho, kwa kuwa panaonekana pakavu na imara, kumbe nyayo hukosa kitu cha kushika. Mbuga nayo ni mfinyanzi unaovimba unapolowa na kusinyaa unapokauka.

Kuvimba na kusinyaa huko kuna madhara ya pili ambayo aghalabu hayahusishwi na kuanguka. Jengo lililojengwa juu ya mbuga bila msingi wa kutosha hupasuka sakafu. Ngazi ya mlangoni huinuka upande mmoja. Kipande cha saruji varandani huachana na chenzake kwa kimo cha vidole viwili. Mfanyakazi aliyezoea kupita hapo kwa miaka mitatu hajikwai wakati wa jua. Siku mvua inaponyesha naye anakimbilia ndani, akiwa na mzigo kichwani na maji machoni, ndipo kidole cha mguu hupata ile nafasi. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa sakafu na ngazi unafaa kufanyika mwezi Septemba au mapema Oktoba, kabla ya mvua, wakati nyufa zimefunguka na zinaonekana wazi. Kuziba kwa saruji sehemu iliyoinuka, au angalau kuipaka rangi nyeupe ili ionekane, ni kazi ya nusu siku.

Kiatu na hatua

Katambuga, viatu vinavyochongwa kutokana na matairi, vimewasaidia wafugaji na wakulima kwa vizazi, na jina lenyewe linaeleza kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo, ubora wa katambuga hutegemea tairi iliyotumika. Tairi ambayo bado ina mashimo na mistari hukamata ardhi vizuri. Tairi iliyokwisha kabisa, ambayo ndiyo huuzwa kwa bei nafuu, haina tofauti na ubao. Vivyo hivyo kwa gambuti. Gambuti jipya lenye meno marefu chini ni kinga nzuri, lakini likiwa kubwa kuliko mguu humwangusha aliyelivaa, kwa maana tope hukishika kiatu nao mguu huendelea na safari. Kandambili hazifai kwa kazi yoyote ya msimu wa mvua isipokuwa kuogea. Pamoja na hayo, ndizo zinazoonekana zaidi miguuni mwa wapishi wa shule, wauza mboga na wachukuzi.

Kiatu kizuri kilichojaa tope hakina faida. Palipo na mlango wa ofisi, darasa, zahanati au ghala panapaswa kuwa na kitu cha kukwangulia nyayo. Kipande cha chuma bapa au nondo nene kilichosimikwa ndani ya saruji nje ya mlango, kimo cha kiganja kutoka ardhini, kinatosha kabisa na hudumu kwa miaka. Gunia linalotandikwa mlangoni husaidia siku ya kwanza tu. Likishalowa na kujaa udongo, lenyewe huteleza juu ya sakafu na kumbeba anayelikanyaga, kwa hiyo libadilishwe kila siku au lisiwekwe.

Namna ya kutembea nayo hufundishika. Juu ya tope, hatua ziwe fupi, magoti yalegezwe kidogo, na wayo wote ukanyage kwa pamoja badala ya kutanguliza kisigino. Mtu anapotembea kwa haraka, kisigino hutua kwa mshazari nacho husukumwa mbele. Hapo ndipo utelezi huanza, na tangu mguu upotee hadi mwili kufika chini haiishi hata sekunde moja. Mikono iwe huru. Aliyeitia mifukoni au aliyeshika simu hana cha kujiokolea. Wafugaji hawaendi mbugani bila fimbo, na katika hili wengine wangefanya vyema kuwaiga.

Mzigo wa kichwani unahitaji uangalifu wa pekee. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, nayo huufanya uzito wa mwili wote upande juu, hivyo kosa dogo la mguu huwa anguko kamili. Katika siku za utelezi mkubwa ni salama zaidi kubeba madumu mawili madogo mikononi, au kutumia baiskeli inayosukumwa, hata kama itabidi kurudia safari.

Sakafu za majengo ya huduma

Majengo mengi mapya ya zahanati, vituo vya afya na ofisi yamewekwa marumaru sakafuni. Marumaru ni rahisi kusafishwa, jambo lililo muhimu kwa afya, lakini zile zenye kung'aa huwa hatari zinapolowa. Mgonjwa mwenye homa, mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo na muuguzi anayekimbilia wodini, wote hupita juu ya sakafu hiyo hiyo.

Njia ya kupiga deki ndiyo inayoamua usalama. Desturi ya kumwaga ndoo nzima ya maji yenye sabuni ya unga, kusugua, kisha kuacha sakafu ijikaushe yenyewe, huacha utando wa sabuni ambao huamka tena kila tone la maji linapodondoka. Sabuni iwe kidogo kwa kipimo, sakafu isuuzwe kwa maji safi, na maji yasukumwe nje kisha sakafu ikaushwe kwa dekio lililokamuliwa. Sehemu ipigwe deki nusu kwa nusu ili upande mmoja ubaki mkavu kwa wapitao. Kazi hiyo ifanyike kabla ya wagonjwa kufika. Saa tatu asubuhi, wakati foleni imejaa na kila aingiaye ana tope, ni saa mbaya kuliko zote. Kibao chenye maneno "Sakafu imelowa" kinaweza kutengenezwa na fundi seremala wa kijijini, lakini kiondolewe sakafu ikikauka. Kibao kinachokaa hapo mwaka mzima hakisomwi na mtu.

Jikoni shuleni, hatari huongezeka kwa sababu ya moto na mafuta. Uji au maharage yakimwagika yafutwe wakati huo huo, wala yasingoje chakula kiive. Mafuta yaliyomwagika yanyunyiziwe majivu makavu yayanywe, kisha majivu hayo yafagiliwe yote na mahali hapo paoshwe kwa maji ya moto. Majivu yakiachwa na kulowa huwa tope jingine. Sufuria kubwa ibebwe na watu wawili, na njia kati ya jiko na mahali pa kugawia chakula imwagwe changarawe na kushindiliwa kabla ya muhula kuanza.

Maghala, machinjio na visima

Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS, ndivyo vinavyokusanya zao hilo kutoka kwa wakulima. Ununuzi hufunguliwa mara nyingi mwezi Mei, wakati ambapo mvua za mwisho za masika bado huweza kunyesha. Wachukuzi hupanda ubao wakiwa na mzigo begani kuelekea kwenye gari, na ubao huo, ukiwa umelowa na kukanyagwa na miguu yenye tope, ni miongoni mwa mahali pa hatari kubwa katika kata nzima. Tiba yake ni vibao vyembamba vilivyopigiliwa misumari kwa kukingama, kimoja kila baada ya sentimeta 30 hadi 40, ili mguu upate kikomo. Ubao wenyewe uwe mpana wa kutosha nyayo mbili kwa pamoja, nao ufungwe juu ili usichezecheze. Turubai lililolowa lisikanyagwe kabisa. Mbegu za pamba zilizomwagika sakafuni nazo huviringika chini ya kiatu kama gololi. Zifagiliwe kila baada ya gari kuondoka.

Machinjioni, mafuta ya mnyama hayaondolewi na maji baridi. Yahitaji maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, na sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji kwenye mfereji. Aliyeshika kisu asitembee juu ya sakafu isiyosafishwa, maana akianguka, mkono wenye kisu ndio unaonyooka kwanza.

Mahali pa kuchotea maji, saruji inayozunguka bomba huota ukoko wa kijani kwa sababu hailali kavu hata siku moja. Ukoko huo husuguliwa kwa mchanga mnene na ufagio wa miti walau mara moja kwa juma, na mfereji wa kutolea maji hufunguliwa ili dimbwi lisijikusanye. Jambo hili ni la kukubaliana katika mkutano wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa zamu iliyoandikwa. Kazi isiyo na jina la mtu haifanywi.

Paa na ngazi

Upepo wa mvua za kwanza ukishang'oa bati, wengi hupanda paani siku hiyo hiyo. Bati lililolowa halipandwi. Ni heri kusubiri hadi mchana jua likishalikausha, vitu vya ndani vikiwa vimehamishwa upande mwingine. Ngazi inapoegemezwa, kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Katika ardhi ya mbuga, mguu mmoja wa ngazi huzama kuliko mwingine mara mtu anapofika juu, hivyo ubao mpana uwekwe chini ya miguu yote miwili, na mtu mmoja abaki ameishika ngazi muda wote.

Mtu akianguka

Kosa la kwanza linalofanywa ni kumvuta aliyeanguka asimame. Aachwe alipo, aulizwe anaumia wapi, atazamwe kama anaweza kusogeza mikono na miguu mwenyewe. Akiumia shingo au mgongo, au akihisi ganzi miguuni, asigeuzwe wala kuketishwa; afunikwe asipate baridi, kichwa kishikwe kisitikisike, na usafiri utafutwe ambao atalazwa. Kumpakia mtu wa namna hiyo katikati ya dereva wa bodaboda na ndugu yake, kama ilivyo desturi, kunaweza kuugeuza mfupa uliopasuka kuwa ulemavu wa maisha.

Mguu uliogeuka nje na kuonekana mfupi kuliko mwenzake, hasa kwa mzee, ni dalili ya kuvunjika nyonga. Mkono au mguu unaodhaniwa kuvunjika ufungwe na vijiti viwili vilivyonyooka, vikiwa na kitambaa laini katikati, pasipo kukaza mpaka vidole vikafa ganzi. Usikandwe kwa maji ya moto. Waunga mifupa wa jadi wanaheshimiwa katika jamii, lakini mfupa haujulikani umekaaje bila picha, na jeraha lililotoboa ngozi ni la hospitali moja kwa moja. Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako ataelekezwa Hospitali ya Wilaya ya Maswa au, ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Bariadi.

Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa siku nzima, hata akisema hana neno. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe mara moja. Mama mjamzito aliyeanguka apelekwe kuangaliwa hata kama hasikii maumivu. Akitokwa na damu, akiumwa tumbo au mtoto akipunguza kucheza, familia ipige namba 115 ya huduma ya M-mama, ambayo haitozwi gharama, ili apatiwe usafiri wa dharura.

Ajali isiyoandikwa

Ni vyema ukatazamwa mfano mmoja, ambao si wa mtu fulani ila ungeweza kuwa wa wengi. Mpishi ameteleza jikoni mwezi Machi na kuangukia ubavu. Amepumzika siku mbili, amerudi kazini, hakuna aliyeandika lolote. Mwezi Juni nyonga imezidi kuuma, naye hawezi tena kuinama mbele ya jiko. Anapoanza kuuliza haki yake, mwajiri hana kumbukumbu, aliyeshuhudia amehamia Mwanza, na zahanati haikumwona siku ile. Ukweli anao, lakini hana karatasi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na inamtaka mfanyakazi kujilinda mwenyewe na wenzake pia. Usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kwa upande wa fidia, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohudumia sekta ya umma na sekta binafsi Tanzania Bara. Mchango katika Mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anayemkata mfanyakazi mshahara kwa jina la mchango wa WCF anakosea.

Mfuko hugharimia matibabu ya aliyeumia kazini, humlipa sehemu ya mshahara wake akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, na hutoa mafao ya ulemavu wa kudumu na ya wategemezi pale mfanyakazi anapofariki. Ili milango hiyo ifunguke, ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, siku hiyo hiyo ikiwezekana, naye mwajiri aifikishe kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Madai yakikaa zaidi ya miezi 12 tangu ajali, haki huweza kupotea. Kibarua wa msimu asijihukumu mwenyewe kuwa hahusiki, aulize kwanza.

Kwa hiyo kila penye kazi, hata AMCOS yenye karani mmoja, pawe na daftari la ajali. Daftari la kawaida la shule linatosha. Huandikwa tarehe na saa, jina la aliyeumia, mahali hasa alipoangukia, alikuwa akifanya nini, alivaa nini miguuni, sehemu ya mwili iliyoumia, majina ya mashahidi wawili na sahihi zao. Aliyeumia aende zahanati siku hiyo hiyo, aeleze kwamba ameumia kazini, na atunze karatasi ya matibabu. Kuteleza ambako hakukumwumiza mtu nako kuandikwe: jina la mahali likijirudia mara tatu katika daftari, hapo ndipo pa kumwaga changarawe kwanza. Mwananchi ambaye mwajiri wake hakubali kuandika ajali aende ofisi ya Mtendaji wa Kata, akiwa na karatasi ya zahanati na shahidi mmoja, ili aelekezwe namna ya kuifikia OSHA au WCF.